Naomba ushauri: mtihani wa lazima kwa mwanafunzi aliyehama shule

Ndugu wanajamii, habari zenu. Binti yangu amehamia sekondari nyingine akiwa amebakiza mwaka mmoja kuhitimu, na huko mitihani ya lazima inajumuisha sayansi, somo ambalo alikotoka alikwisha kulifanyia mtihani na kufaulu. Mshauri wa wanafunzi, ambaye kwa kweli ni mtu msikivu, ametuambia kwa mdomo kwamba huenda matokeo hayo yakakubaliwa, ilhali kwenye fomu ya usajili binti ameshaandikwa kuwa mtahiniwa wa sayansi. Nimempelekea nakala ya matokeo yenye muhuri na kuusoma mwongozo wa shule, lakini unawazungumzia wanaorudia mtihani tu, si waliohamia. Mtoto hajui muda wake aupe hesabu au sayansi, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Tutaonana tena na mshauri kabla usajili haujafungwa.

Je, nimwombe yeye uamuzi huo kwa maandishi, au wenye kauli ya mwisho ni mamlaka ya mitihani? Na jibu likichelewa, ni salama zaidi binti abaki kwenye orodha ya watahiniwa? Natanguliza shukrani.