Chapa moja kati ya 300 yaweza kuitwa kazi halisi?

Mnunuzi Mpya: Wapenzi wa sanaa, naomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha. Nimepata nafasi ya kununua chapa, yaani picha iliyopigwa karatasini kutoka kwenye bamba, ya mkusanyiko wa mchoraji Picasso unaojulikana kwa jina la Vollard, aliyeuagiza, yaani ile michoro 100 aliyoitengeneza kwenye mabamba ya shaba kati ya mwaka 1930 na 1937, ambamo Minotaur wa Krete, mwenye kichwa cha fahali na mwili wa mtu, hutokea mara kwa mara. Kila bamba lilitoa chapa takribani 300. Je, hii ni kazi halisi, au ni nakala yenye bei ya kazi halisi?

Mwenye Brashi: Ni nakala. Picha iliyorudiwa mara 300 haiwi halisi kwa kuandikiwa kwa penseli namba ya kila nakala. Picasso alilishika bamba. Karatasi utakayoning'iniza ukutani ilishikwa na mtu wa mashine, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungusha gurudumu tu.

Fundi Chapa: Ndugu Mwenye Brashi, nimechapa kwa mkono kwa miaka 20, na neno hilo "mtu wa mashine" limeniuma. Bamba zima hupakwa wino, kisha wino huo hufutwa kwa kitambaa na mwisho kwa kiganja, na ukifuta kupita kiasi usiku wa mchoraji unageuka alfajiri. Mabamba hayo yalichapwa na Roger Lacourière wa Paris, na ni yeye aliyemfundisha Picasso kuchora kwa wino wenye sukari: bamba hupakwa vanishi juu ya mchoro, likilowekwa majini sukari huvimba na kuibandua vanishi hiyo, ndipo asidi ikala shaba palepale brashi ilipopita. Unamwitaje mtu wa namna hiyo mzungusha gurudumu?

Mwenye Brashi: Sijawadharau mafundi, na sipendi kulishwa maneno. Lakini kama fundi ana sehemu kubwa kiasi hicho, mbona sahihi yake haimo? Tena sahihi zenyewe zina mashaka. Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walikamata gari lililobeba karatasi tupu zipatazo 40,000 zenye sahihi ya mchoraji Dalí, tayari kuchapwa picha yoyote, na Dalí naye alitoa chapa za hadithi za Kigiriki.

Msomaji wa Homer: Dalí si Picasso, na kosa la mmoja lisihukumu sanaa nzima. Mimi naona tumeiacha picha yenyewe. Niliuona mkusanyiko huu London mwaka 2012, katika British Museum, nikasimama muda mrefu mbele ya Minotaur kipofu anayeongozwa usiku na binti mdogo aliyekumbatia njiwa. Hadithi ya Krete haina kipofu: shujaa Theseus anaingia katika jengo la njia zinazopotezana, anamuua yule kiumbe, basi. Kipofu aongozwaye na binti ni wa hadithi nyingine, ya mfalme Oedipus na bintiye Antigone. Picasso aliunganisha hadithi mbili, kama walivyofanya wasimulizi wa Kigiriki kabla yake, na hakuna aliyewahi kutuonyesha "nakala ya kwanza" ya hadithi hizo. Kwa nini basi tuidai kwenye karatasi?

Mwenye Brashi: Hadithi haiuzwi kwa maelfu ya dola, dada yangu. Karatasi inauzwa.

Mtunza Kumbukumbu: Nisahihishe jambo moja. Mwenye Brashi ametaja namba za penseli, lakini chapa za Vollard hazikuandikwa namba. Ambroise Vollard, aliyeagiza kazi hiyo, alikufa katika ajali ya gari mwaka 1939 kabla hajaanza kuziuza. Akiba ya chapa hizo ilinunuliwa na mfanyabiashara wa chapa Henri Petiet, na Picasso alitia sahihi kidogokidogo katika miaka iliyofuata, kwa hiyo ziko ambazo hazikupata sahihi kabisa.

Fundi Chapa: Ndiyo maana nasema sahihi si roho ya chapa. Karatasi zile zilitoka kwenye bamba lilelile na mkono uleule, ziwe na sahihi ya penseli au zisiwe nayo.

Mwenye Brashi: Bado hujaniambia kwa nini jina la mkono huo halimo.

Mnunuzi Mpya: Niliyoonyeshwa mimi haina sahihi, na muuzaji anadai bei ya yenye sahihi kwa hoja hiyohiyo ya Fundi.

Fundi Chapa: Hapo mwanangu usikubali. Nilisema juu ya thamani ya kazi. Bei ya sokoni hufuata sahihi, naye anajua hivyo. Kabla hamjazungumza bei, mwombe aitoe kwenye fremu, uiinue dhidi ya mwanga wa dirisha. Ndani ya karatasi tafuta alama iliyotengenezwa pamoja nayo, yenye jina la Vollard au la Picasso. Zile za karatasi kubwa zina alama ya kiwanda cha Montgolfier. Akikataa kuitoa kwenye fremu, ondoka.