Fundi rangi ameniharibia mlango wa mvule na bado anadai hela yake

Jamani, nina hasira. Nimetoka kuutazama mlango wangu wa mbele sasa hivi na mikono bado inatetemeka.

Mlango huu marehemu baba aliuchongesha hapa Jinja, Uganda, enzi ambazo mvule wa Busoga ulikuwa unapatikana. Leo ubao wa upana ule utautafuta mpaka uchoke. Mlango unatazama magharibi, jua la alasiri linaupiga kila siku, vanishi ya zamani ikababuka. Nikaamua niupake rangi ya mafuta, kijani kilichokoza. Fundi akaja kuuangalia, akasema, "Mama, hiyo ni kazi ya masaa mawili." Ningemrudisha palepale.

Alianza saa saba mchana, mwezi wa nne, mvua zimekolea. Msasa aliupitisha kama anafuta vumbi, vanishi iliyobaki ikaendelea kung'aa vilevile. Sasa rangi itashika wapi? Na mvule una mafuta yake. Usipoufuta kwanza kwa kitambaa chenye thina, rangi ya mafuta inachelewa kukauka. Andakoti, ile rangi ya chini inayotangulia, hakupaka kabisa. Halafu akaizimua rangi kwa petroli! Niliisikia harufu nikiwa jikoni, sigiri inawaka. Tapentaini nilikuwa nimenunua, chupa iko palepale miguuni pake, haijafunguliwa.

Saa nane jua likageukia mlangoni. Rangi ikawa inashika ngozi juu huku chini mbichi, na brashi kila ikirudi inaburuta. Leo kuna mistari kama matuta ya viazi, na machozi ya rangi yameganda chini ya kila kibao. Nywele za brashi nimehesabu saba kwenye kibao kimoja tu. Mkono wa pili wa rangi akaupiga saa kumi, siku ileile, wakati kopo limeandikwa usubiri mpaka kesho yake. Bawaba na kitasa navyo vikapakwa, ufunguo sasa unaingia kwa kusukuma.

Jioni mvua ikashuka. "Funga tu mama, imeshakauka." Nikafunga, maana nani analala mlango wazi? Asubuhi nikavuta, ukagoma. Nikavuta kwa nguvu, ukaachia kwa mlio wa kitambaa kinachochanika, na utepe wa rangi mrefu kama mkono wangu ukabaki kwenye fremu. Chini yake ubao wa baba, uchi.

Sasa sikilizeni kinachoniuma hasa. Nilipomwita aone, hakubisha. Alinieleza mwenyewe kazi inavyotakiwa: siku ya kwanza kuparua na msasa mpaka mng'ao uishe, kuziba nyufa kwa puti, andakoti, kisha mkono mmoja kwa siku, uanze saa moja asubuhi mlango ukiwa kivulini, ili usiku ufungike. Vibao vya ndani kwanza, halafu mbao za kulala, za kusimama mwisho, brashi ifuate nyuzi za mti. Ukingo wa juu na wa chini usiuache, maji huingilia hapo na mlango ukavimba. Yote anayajua! Nikamuuliza, mbona hukufanya? "Mama, nani atanilipa siku tatu?"

Mimi ningekulipa! Hukuniuliza. Uliniambia masaa mawili. Na kama ungeniambia siku tatu nikaona ghali, ningeuacha mlango na vanishi yake mbovu, ukiwa mzima.

Mafundi mliomo humu, semeni bei ya kazi nzima mkiwa bado mlangoni, mtuachie sisi tuamue. Msitukatie kazi kimyakimya kisha mkaita bei nafuu.

Na wewe uliyekuwa kwangu, ukisoma hapa: ile elfu themanini iliyobaki ipo, nimeiweka kabatini. Njoo saa moja asubuhi na msasa, siku ambayo haina mawingu. Petroli iache kwenye pikipiki yako.