Je, mawe ya volkano yanafaa kwa jengo la kisasa?

Swali (mkazi wa Goma): Ndugu zangu, tunataka kujenga nyumba, lakini mjomba anasisitiza matofali ya saruji, akisema kwamba mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo ni ya ukuta wa ua tu. Je, kuna jengo mashuhuri lililoyatumia?

Jibu (mwashi, Goma): Lipo, tena karibu. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011, ina kuta za mawe ya volkano ya Virunga, yaliyochongwa kwa mkono na waashi wa huko na kupangwa yakashikana kwa namna inayonifurahisha mno. Wodi zake zina madirisha makubwa na feni zinazosukuma hewa ili kupunguza maambukizi ya kifua kikuu. Kwa heshima zote, mjomba amekosea. Ila ardhi yetu hutetemeka: fungeni kuta kwa mkanda wa zege lenye nondo.

Jibu (mwanafunzi, Bukavu): Naongeza mfano mwingine wa vifaa vya kienyeji: msanifu majengo Francis Kéré, aliyejenga shule ya kijiji chake cha Gando, Burkina Faso, kwa matofali ya udongo, akainua paa la bati juu ya dari ili joto litoke. Mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo.