Mwezi mmoja Ayalandi, peke yangu na bila gari: nizigawe vipi siku 30?

Nyayo_Taratibu (mwuliza swali)

Wanajamvi, nawasalimu nyote.

Nimepata likizo ya siku 30 kuanzia katikati ya Mei, na baada ya kuweka akiba kwa miaka mitatu nimeamua kuitumia yote Ayalandi. Nitasafiri peke yangu. Sijui kuendesha gari, kwa hiyo nitategemea treni, mabasi, vivuko na miguu yangu. Nimekwisha kuandika rasimu ya ratiba: Dublin, Kilkenny, Waterford, Cork, Killarney, Dingle, Limerick, Galway, Westport, Sligo, Derry na Belfast, kisha kurudi Dublin kupanda ndege. Ni vituo 12, kila kimoja kwa wastani wa siku mbili na nusu.

Kwenye ramani ratiba hii inapendeza, kwa kuwa inakizunguka karibu kisiwa chote. Hata hivyo, kila ninapoisoma tena napata wasiwasi kwamba nitarudi nikiwa nimeviona vituo vya mabasi vingi kuliko nchi yenyewe. Ninaipenda miji, hasa makumbusho na masoko ya zamani, lakini hamu yangu kubwa ni mashambani: kuta za mawe, majabali ya pwani, na vijiji ambavyo bado vinazungumza Kiayalandi.

Naomba ushauri wa waliokwisha kufika huko. Je, vituo 12 ni vingi mno? Mashambani kunafikika kweli bila gari? Na kwa msafiri aliye peke yake, jioni zake huwa za namna gani?

Mtembea_Pwani

Ndugu, wasiwasi wako una msingi. Mimi nilikaa huko wiki nne bila gari, na kama ningerudi leo, ningepunguza hata vituo vile vichache nilivyokuwa navyo. Kuhama mji si saa mbili za treni tu. Kuna kufungasha, kuondoka chumbani asubuhi, kusubiri mchana mzima chumba kingine kiwe tayari, na kuanza upya kutafuta duka na kituo cha basi. Kila unapohama umepoteza sehemu kubwa ya siku, na ukihama mara 12 zimekwisha siku ambazo ungeweza kuzitumia milimani.

Ningekushauri uchague kambi tano: Dublin siku 6, Cork 5, Killarney 5, Galway na pwani ya Clare 8, kaskazini 5, na siku moja ya mwisho Dublin. Hesabu hiyo inatimia 30, na kutoka kila kambi unaweza kwenda mashambani asubuhi na kurudi jioni.

Dublin watu wengi huipunja. Jumba la makumbusho ya akiolojia lililo Kildare Street halina kiingilio, na ndani yake imo miili ya watu wa kale iliyohifadhiwa na ardhi ya majimaji kwa zaidi ya miaka 2,000, hata kucha na nywele zikabaki. Makumbusho ya Chester Beatty, yaliyo ndani ya eneo la Kasri la Dublin, nayo ni bure, na misahafu yake ya kale peke yake inastahili asubuhi nzima. Gereza la Kilmainham, walikouawa kwa kupigwa risasi viongozi 14 wa uasi wa mwaka 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza, lazima ulikatie tiketi mapema, maana huingii ila kwa ziara yenye kiongozi na nafasi hujaa. Nunua Kadi ya Leap siku ya kwanza, kwani inatumika kwenye basi, tramu na treni za pwani, na hiyo treni ya pwani itakufikisha Howth, ambako utatembea juu ya majabali ya bahari ukiwa bado hujatoka jijini. Tenga pia siku ya Newgrange, kaburi lililojengwa takriban mwaka 3200 kabla ya Kristo, ambalo ni kongwe kuliko piramidi za Giza, na siku nyingine ya Glendalough, bonde la maziwa mawili lenye mabaki ya monasteri ya karne ya 6.

Ukiwa Cork usiikose Cobh. Treni ya kutoka mjini huchukua kama dakika 25. Ni bandari ya mwisho ambayo meli ya Titanic ilisimama, tarehe 11 Aprili 1912, lakini kwangu mimi uzito wa mahali pale haumo kwenye Titanic. Umo kwenye sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili wa kiume, iliyosimamishwa ufukweni. Binti yule aliondoka hapo mwishoni mwa 1891, na tarehe 1 Januari 1892 akawa mhamiaji wa kwanza kupokewa katika kituo cha Ellis Island, New York. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja, na zaidi ya milioni moja wengine wakahama. Nilisimama pale ufukweni muda mrefu, na tangu siku hiyo kila nyumba isiyo na paa niliyoiona magharibi niliitazama kwa macho mengine. Ndiyo maana nakuomba uende Cobh kabla ya kwenda Galway, usianze na Galway.

Mashambani kunafikika, ila kwa masharti ya basi. Njia kuu zina mabasi ya kutosha. Vijijini huenda ukakuta mawili au matatu kwa siku, na Jumapili pungufu zaidi. Andika saa ya basi la mwisho la kurudi kabla hujapanda la kwenda. Kutoka Galway lipo basi linalopita Doolin na kwenye Majabali ya Moher, yanayofikia urefu wa mita 214 juu ya bahari, na njiani linapita pembezoni mwa Burren, nyika ya mawe ya chokaa ambayo mwezi Mei huchanua maua katika kila ufa. Wakati wako ni mzuri sana kwa hilo.

Kivuko_cha_Jioni

Nakubaliana na Mtembea_Pwani kuhusu kupunguza vituo, ila sikubaliani naye kuiacha Dingle. Mwuliza amesema wazi kwamba anataka vijiji vinavyozungumza Kiayalandi, na Killarney ni mji wa watalii ambako lugha hiyo utaiona zaidi kwenye vibao kuliko kuisikia. Ningetoa siku mbili za Cork nizipeleke Dingle. Magharibi ya mji huo, kuelekea Dún Chaoin, ndiko hasa kwenye wasemaji, na mbele yake baharini viko visiwa vya Blasket, ambavyo wakazi wa mwisho wa kile kisiwa kikubwa walihamishwa mwaka 1953 kwa sababu maisha yalikuwa yamewashinda. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika maeneo hayo vibao vya barabarani huandikwa kwa Kiayalandi peke yake, kwa hiyo jifunze majina yote mawili ya kila unakokwenda; Dingle kwa mfano ni An Daingean au Daingean Uí Chúis.

Sasa jambo zito zaidi, ambalo naona halijaguswa. Derry na Belfast haziko katika Jamhuri ya Ayalandi. Ziko Ayalandi ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Ufalme wa Muungano. Basi la kwenda Derry huvuka mpaka bila kusimama, na utakachokiona ni mistari ya barabara kubadilika rangi na vibao vya mwendo kuhama kutoka kilomita kwenda maili. Lakini kutokuwepo kwa askari mpakani si ruhusa ya kuingia. Ikiwa pasipoti yako inahitaji viza, kwa kawaida utahitaji mbili, ya Ayalandi na ya Uingereza, na viza ya Schengen haitakusaidia katika hata moja ya nchi hizo. Angalia hili kwenye tovuti za serikali zote mbili kabla hujalipia chumba. Nilisafiri na mwenzangu mmoja ambaye hakulijua, na ilitubidi tuachane Sligo.

Ukiwa na ruhusa, nenda kwa moyo wote. Fedha ya upande ule ni pauni, wala si yuro. Kuta za Derry, zilizojengwa kati ya 1613 na 1619, bado zinauzunguka mji wa kale mzima, na ukiwa juu yake unaitazama Bogside, mtaa ambao wanajeshi wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji tarehe 30 Januari 1972. Tembea kule chini ukiwa na mwongoza wageni mkazi wa mtaa, usikilize zaidi kuliko kuuliza. Njia ya Majitu (Giant's Causeway), zile nguzo zipatazo 40,000 za mwamba wa volkano zilizoshuka baharini kama ngazi, inafikika kwa treni hadi Coleraine kisha basi.

Ukikosa viza ya pili, zile siku tano usizihuzunikie. Zipeleke Westport na Sligo.

Dada_wa_Ukungu

Mimi nilikwenda peke yangu, na ni mwanamke, kwa hiyo naomba nijibu swali la jioni, ambalo waliotangulia wamelipita.

Katikati ya Juni jua la magharibi huzama baada ya saa nne usiku. Hilo linabadilisha kila kitu. Unaweza kula, kupumzika, kisha ukatoka kutembea saa mbili usiku katika mwanga kamili, na kwangu zile saa ndizo zilizokuwa bora kuliko zote, maana magari ya watalii yamekwisha kuondoka. Ndiyo sababu nakusihi ulale Inis Mór, kisiwa kilicho mbele ya pwani ya Galway, angalau usiku mmoja badala ya kwenda na kurudi. Kivuko kutoka Ros a' Mhíl huchukua kama dakika 40, bandarini wanakodisha baiskeli, na umati ukiondoka alasiri kisiwa kinarudi kwa wenyewe. Nilifika ngome ya Dún Aonghasa jioni, nikakuta watu wawili tu. Ngome hiyo imejengwa ukingoni mwa jabali lisilo na uzio, kwa hiyo upepo ukiwa mkali kaa mbali na ukingo, hata kama kuna mtu anayekusihi umpige picha.

Baa za huko si za walevi peke yao. Ni sebule ya kijiji. Utakuta familia, wazee na wageni, na ukiagiza chai hakuna atakayekushangaa. Wapiga muziki hukaa kwenye meza ya kawaida, si jukwaani, na wanapigiana wao kwa wao. Ukikaa karibu usiongee kwa sauti wimbo unapoanza, na mtu akiimba peke yake bila ala, baa nzima hunyamaza. Nilikwenda Doolin nikijihisi mgeni mpweke kabisa, na usiku wa pili mzee mmoja aliyekuwa akipiga filimbi alinisogezea kiti bila kusema neno. Chakula, hata hivyo, kile mapema. Vijijini majiko mengi ya baa hufungwa mnamo saa tatu usiku, na mimi nililala njaa mara moja kwa kutolijua hilo.

Kuhusu milima, hapo sina upole. Hali ya hewa hubadilika ndani ya nusu saa, na ukungu ukishuka huoni hata miguu yako. Carrauntoohil, wenye mita 1,038, ndio mlima mrefu kuliko yote Ayalandi, na usiupande peke yako. Kwa mtu aliye mwenyewe, Diamond Hill kule Connemara wenye mita 442 unatosha, kwani njia yake imejengwa vizuri hadi kileleni. Mwambie mwenye nyumba unakolala unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Namba ya dharura ni 112, nayo ndiyo ya kuwaita waokoaji wa milimani. Jambo jingine: ardhi nyingi ni mashamba ya watu binafsi, na hakuna haki ya jumla ya kupita popote, kwa hiyo fuata njia zilizowekewa alama na ufunge kila lango ulilolikuta limefungwa.

Nyayo_Taratibu

Nawashukuru kwa dhati. Nimefuta Kilkenny, Waterford na Limerick, na nimeandika Inis Mór usiku mbili. Suala la viza sikulijua kabisa. Nitaomba zote mbili, na kama ya pili itachelewa nitafuata njia ya Westport. Nina swali moja la mwisho: je, nijaribu Skellig Michael, kile kisiwa cha watawa chenye ngazi 618?

Mtembea_Pwani

Kwa safari hii, hapana. Boti za kutua kisiwani huanza takriban katikati ya Mei, nafasi ni chache na huisha miezi kabla, na hata ukiwa na tiketi bahari ikichafuka safari inafutwa asubuhi hiyo hiyo. Portmagee zinakotokea boti hizo ni tabu kufika bila gari, kwa hiyo unaweza kupoteza siku mbili ukaishia kuitazama bahari. Visiwa vya Blasket vitakupa mengi ya unayoyatafuta, na viko karibu na Dingle.

Jambo la haraka zaidi ni vyumba. Jumatatu ya kwanza ya Juni ni sikukuu ya taifa, na kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu hiyo Galway na Killarney hujaa na bei kupanda. Panga uwe kisiwani Inis Mór au mji mdogo siku hizo tatu, na ukate chumba wiki hii.