Mrejesho: mshahara uliokuwa unakata tarehe 10

Wakuu, ni mimi niliyelalamika kwamba mshahara unakata tarehe 10 na sioni ulikokwenda. Mmoja wenu akasema niandike kila shilingi kwenye daftari, mwezi mzima. Nimeandika. Nilidhani mchawi ni bia, kumbe ni bodaboda na viatu vya mtumba pale Karume. Jozi 4 mwezi mmoja, na miguu ninayo 2! Bodaboda 3,000 kila asubuhi, kisa nachelewa kuamka.

Sasa napanda daladala. Hela ya kodi namkabidhi dada siku ileile ya mshahara, na huyo hata nimlilie vipi haitoi. Leo tarehe 24, kwenye simu nina 41,000. Jumamosi nilinunua raba moja, sikatai.