Comic Sans kwenye wasifu wa marehemu: wenye steshenari, hili halikubaliki

Ndugu wanajamvi,

Nimekasirika, na ninawaomba wote mnaofanya kazi ya uchapaji mnisome hadi mwisho. Tulipeleka wasifu wa marehemu mama yetu mdogo kwenye steshenari moja ili vitolewe vijitabu vya ibada ya mazishi. Tuliupeleka ukiwa umeandikwa kwa Times New Roman, fonti (mtindo wa herufi) ya nyaraka rasmi. Tukakabidhiwa vijitabu vilivyochapwa kwa fonti nyingine, Comic Sans, kuanzia jina la marehemu kwenye jalada hadi ratiba ya kuaga mwili. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba "hii inapendeza, haiboi". Muda wa kurudia kazi haukuwepo, vikagawiwa hivyo hivyo kwa waombolezaji.

Haiboi! Nani aliwaambia kwamba msiba wetu unahitaji kuchangamshwa?

Fonti hiyo ilibuniwa na Vincent Connare mwaka 1994, alipokuwa mfanyakazi wa Microsoft. Alikuwa ameonyeshwa programu ya Microsoft Bob, ambamo mbwa wa katuni alizungumza na mtumiaji kwa maneno ya Times New Roman, naye akaona kwamba herufi rasmi kiasi hicho hazimfai mbwa wa katuni. Ndipo akachora nyingine kwa kufuata mwandiko wa vitabu vya katuni, zenye ncha za mviringo na mistari isiyonyooka sawasawa. Kwa hiyo fonti yenyewe ilitokana na lalamiko kama langu hili, la maneno kuvishwa herufi zisizolingana nayo, na leo inatumika kurudia kosa lilelile kwa upande wa pili.

Itazameni herufi a: kiduara na kijiti, vile anavyofundishwa kuiandika mtoto wa darasa la kwanza. Kiswahili kimejaa a. Neno "alizaliwa" pekee linazo 3, na ukurasa mzima wa wasifu ukawa viduara vitupu. Jina la marehemu walilikoleza, herufi zikavimba, jalada likafanana na kadi ya mwaliko wa sherehe ya mtoto.

Fonti haina kosa. Kwenye kuta za chekechea iko mahali pake, na British Dyslexia Association huitaja miongoni mwa zile zinazowafaa wenye ugumu wa kusoma, kwa kuwa herufi zake hazionekani kubanana. Najua pia mtanikumbusha kwamba mwaka 2012, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mwanafizikia Fabiola Gianotti alitumia Comic Sans kuwasilisha matokeo ya utafutaji wa chembe ya Higgs. Yeye alijichagulia, kwa slaidi zake mwenyewe. Sisi tulichaguliwa fonti na wachapaji.

Mteja akileta kazi yenye fonti yake, iacheni. Mkiona haifai, mpigieni simu na mumwonyeshe nakala moja kabla ya kuchapa zote. Wenye steshenari mliomo humu, niambieni kama mnao utaratibu huo, na kama ninayo haki ya kudai fedha zetu, maana tulilipa zote.

Naomba kuwasilisha.