Aonach Eagach: tuweke minyororo, tuufunge, au tuuache ulivyo?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Aonach Eagach, ule mgongo mwembamba wa mlima juu ya bonde la Glen Coe, Uskoti, kuna wanaotaka ufungwe majira ya baridi, na kuna wanaotaka utiwe minyororo ya kushikilia kama sehemu nyingi za Alpi. Mimi napinga yote mawili, hasa minyororo.

Kwa asiyeufahamu: wengi huanzia mashariki, kilele cha Am Bodach, na kumalizia magharibi, Sgorr nam Fiannaidh, mita 967. Katikati ukishaingia umeingia. Upande wa kusini hakuna njia salama ya kuteremkia, na waliojaribu kukatisha makorongoni wapo waliokufa.

Mtihani wa kwanza ni kushuka kutoka Am Bodach. Nilipita mwezi wa sita, mwamba mkavu. Unageukia jiwe, unalishika kwa mikono miwili, mguu unapapasa chini kutafuta pa kukanyaga na macho hayapaoni. Magoti yalinicheza, lakini muda nilikuwa nao: mwezi huo mchana unazidi saa 17. Desemba mchana unaweza usifike hata urefu wa saa 7, na jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Pale pale nilipopapasa panakuwa na barafu. Vidole vimo ndani ya glavu nene, viatu vimefungwa kramponi, yale meno ya chuma ya kukanyagia barafu, na theluji imejitokeza nje ya ukingo ikaning'inia hewani, wewe unaiona kama ardhi.

Sasa mnyororo utamfaa nani? Theluji ikijaa, unafukiwa. Utashikika kiangazi tu, na hapo utamvusha Am Bodach mtu ambaye woga wake ungemrudisha salama. Mbele yake bado kuna ile minara ya mawe, Crazy Pinnacles, na kurudi nyuma ni kuupanda tena ule mwamba uliomtisha.

Kuhusu kuufunga, sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inampa kila mtu haki ya kupita milimani mradi awajibike. Haki hiyo haina msimu.

*Mchangiaji wa pili:* Mkuu, waokoaji hujawagusa. Kule ni watu wa kujitolea, hawalipwi, na aliyeokolewa hadaiwi hata senti. Wanapanda usiku, upepo unavuma, kumfuata mtu aliyejipeleka mwenyewe. Haki yake inaishia wapi?

*Mwanzisha mada:* Ndugu yangu, hilo ni zito na silikwepi. Ila waokoaji wenyewe ni wapandaji. Hamish MacInnes, aliyeanzisha kikosi cha uokoaji cha Glencoe, alikuwa mpandaji wa barafu kabla ya yote. Tukiifunga migongo hii wakati wa baridi, watakaomfuata watajifunzia wapi? Nachokubali ni bango: mbele hakuna pa kutokea, na je, umesoma utabiri wa leo wa maporomoko ya theluji? Unatolewa kila siku msimu huo, bure.

*Mchangiaji wa tatu:* Bango naliunga mkono, ila lisiwekwe kwenye maegesho. Pale watu wanafunga kamba za viatu, hakuna anayesoma. Liwekwe juu, Am Bodach, hatua chache kabla ya ule mteremko. Mtu akishauona kwa macho yake atalielewa, na njia aliyopandia bado iko nyuma yake.